Andika ili Urudie: maswali yenu juu ya filamu, vyakula na matembezi ya mwaka

Mwaka ukikaribia kwisha, barua zinazofika kwenye meza hii kutoka mitaa ya Katuba, Kenya, Ruashi na kwingineko hapa Lubumbashi huuliza jambo lilelile kwa njia mbalimbali: tuliona filamu nzuri, tulikula vizuri, tulitembea, na sasa tunapotaka kuyaweka pamoja tunakuta mikono mitupu. Tumegawana majibu kati ya wanaojua jiko, wanaojua sinema na wanaojua barabara. Msimamo wetu ni mmoja: kumbukumbu ya mwaka iandikwe kwa namna ambayo mtu mwingine wa nyumba yako, akiisoma, ataweza kukipika tena kile chakula, kuipata tena ile filamu na kufika tena pale mahali. Maneno kama "tulifurahi sana" hayamsaidii mtu huyo.

Mwaka mzima sikuandika hata mstari mmoja. Je, bado naweza kuurudisha? (Mama wa watoto wanne, Katuba)

Unaweza, mama, kwa sehemu kubwa. Tenga jioni mbili, kaye (daftari) moja, biki na penseli. Anza na telefone, lakini picha ziache kwanza. Fungua ujumbe wa pesa, wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kwa sababu kila ujumbe una tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Franka ulizomtumia mwenye michopo (nyama ya kuchoma), nauli ya dereva wa siku ya matembezi, mchango wa sherehe: yote yamo. Chora safu nne: tarehe, kiasi, aliyepokea, ilikuwa kwa ajili ya nini. Jaza tatu za kwanza mfululizo. Ya nne ijaze mwishoni, maana ukisimama kukumbuka kwenye kila mstari utachoka kabla ya kufika mwezi wa tatu.

Halafu picha. Simu nyingi za Android huandika tarehe ndani ya jina la faili: IMG_20240615_183205 ni picha iliyopigwa tarehe 15 Juni 2024, saa 18:32. Lakini faili kama IMG-20240615-WA0003 imepitia WhatsApp, na tarehe yake ni ya siku ilipopita huko, wala haikuambii ilipigwa lini. Hapa ndipo orodha nyingi zinapoharibika: picha za Pasaka ambazo shangazi amezituma Agosti zinaandikwa Agosti. Itazame picha yenyewe. Watu wakiwa wamevaa makoti na sweta, ni baridi ya Juni au Julai. Maembe yakiwa yamejaa mezani, uko karibu na Krismasi.

Mwisho waulize watu, na swali lako lishike siku inayojulikana na wote: 4 Januari, 30 Juni, siku ya wazazi tarehe 1 Agosti. "Siku ya wazazi, tulipotoka makaburini, tulikula kwa nani?" huleta jibu. "Unakumbuka nini cha mwaka huu?" huleta kimya. Yaliyothibitishwa na ujumbe au picha yaandike kwa biki. Yanayotegemea kumbukumbu peke yake yaache katika penseli.

Niliona Augure mwaka 2024. Mwenzangu wa chuo anasema nisiiweke katika orodha yangu ya 2024 kwa sababu ni filamu ya 2023. Nani kati yetu yuko sahihi? (Mwanafunzi, Kampemba)

Nyote wawili, mdogo wetu, kwa sababu kila mmoja anazungumzia orodha yake. Augure ya Baloji, mzaliwa wa hapa Lubumbashi, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Cannes mwezi wa Mei 2023 na ikapata zawadi katika kitengo cha Un Certain Regard. Huo ni mwaka wa filamu. Mwaka wa mtazamaji ni ule wa siku alipoiona, na katika mji ambao filamu nyingi hutufikia kwa kuchelewa, orodha inayofuata mwaka wa filamu peke yake ingebaki karibu tupu. Andika yote mawili, mwaka wa filamu na tarehe ya kuiona, na ugomvi unakwisha.

Usipoujua mwaka wa filamu, usiukisie kwa nguo au magari. Acha majina yapite hadi mstari wa mwisho kabisa. Mara nyingi mwaka umeandikwa pale kwa tarakimu za Kirumi. M ni 1000, D ni 500, C ni 100, L ni 50, X ni 10, V ni 5 na I ni 1. Herufi ya thamani ndogo ikitangulia kubwa, inapunguzwa. Kwa hiyo MMXXIII ni 2023 na MCMXCVIII ni 1998. Piga picha ya mstari huo, na nyingine ya jina la mwongozaji. Faili zinazozunguka kwenye flash mara nyingi zimekatwa mwisho na zimepewa jina lolote. Hapo andika waigizaji wawili, lugha inayozungumzwa, na kinachotokea katika dakika tano za kwanza. Kwa hayo matatu mtu mwingine anaweza kuitafuta.

Andika pia toleo. Filamu iliyowekewa msimuliaji wa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji ni kazi nyingine: msimuliaji huongeza utani wake, hufunika muziki, na mara nyingine hubadilisha sababu ya mtu kukasirika. Ukiipenda, sehemu ya sifa ni yake, na ukiiona tena kwa sauti ya asili unaweza kushangaa ilikuwa imepungua nini au imeongezwa nini. Na kama uliona dakika 40 za filamu ya dakika 100, iandike, lakini usiihukumu.

Naipa kila filamu alama juu ya kumi. Mwisho wa mwaka karibu zote zina 7 au 8, na siwezi kuchagua ya kwanza. (Papa, Kamalondo)

Kumi ni nyingi mno, papa. Mtu anayejichagulia cha kuona hupenda sehemu kubwa ya anachokiona, kwa hiyo alama hurundikana juu. Tena 7 ya Januari si 7 ya Novemba. Tumia ngazi tatu: nitairudia, mara moja inatosha, sikutaka kuimaliza. Ngazi hiyo iandike mara mbili, kesho yake na tena baada ya mwezi mmoja, bila kuifuta ile ya kwanza. Filamu iliyopanda baada ya mwezi ni ya kuangaliwa kwa makini: kuna kitu ndani yake ambacho kimeendelea kufanya kazi.

Kupanga, chukua za ngazi ya juu tu na uandike kila moja kwenye kipande cha karatasi. Shika mbili na ujiulize: kesho jioni umeme ukiwepo, nitaweka ipi? Iliyoshinda inakaa juu. Kila inayofuata ianzie chini, ipande mpaka ishindwe. Orodha usiifunge tarehe 31 Desemba, bali mwisho wa Januari. Vinginevyo filamu za wiki za Krismasi, ambazo bado zina harufu ya sherehe, zitazishinda za Machi bila kustahili.

Katika kaye yangu nasoma: "Kapenta tamu sana kwa dada mkubwa, Mei." Nimejaribu kuipika tena, haitoki. Nilipaswa kuandika nini? (Dada, commune ya Kenya)

Moto, kipimo na mpangilio, dada. Hiyo kapenta, yaani dagaa, ingeandikwa hivi:

"Kapenta kavu gramu 250, watu watano. Imeoshwa kwa maji ya moto mara tatu, haraka, bila kuloweka. Mafuta vijiko vya supu 5. Kapenta ikakaangwa peke yake dakika 6 hivi mpaka ikakauka na kulia ikikorogwa, ikatolewa. Vitunguu 2, nyanya 4 zilizoiva sana, zikapikwa mpaka mafuta yakajitenga juu. Kapenta ikarudishwa na nusu kikombe cha maji, dakika 5. Chumvi baada ya kuonja. Mbabula (jiko la makaa), makala yaliyokwisha kushika. Haikubaki kitu."

Kila neno lina kazi yake. Mchanga wa kapenta huzama chini, kwa hiyo samaki huinuliwa kwa mkono na maji kubaki nyuma. Ukimwaga vyote pamoja kwenye chujio, mchanga unarudi. Kapenta iliyolowekwa hunywa maji, kisha inarusha mafuta na kuvunjika kabla haijakauka. Chumvi husubiri kwa sababu nyingine zimekaushwa na chumvi tayari. Na ile alama ya mafuta kujitenga ni ya kuaminika kuliko saa, kwa kuwa dakika kumi za makala mapya si dakika kumi za resho ya umeme.

Kipimo ndicho kinachowaangusha wengi. Vyombo vya kupimia vya sokoni hutofautiana: mmoja anajaza mpaka kilima, mwingine anasawazisha, na kopo lililobonyea chini linapunguza bila mtu kuona. Chagua kikombe kimoja cha nyumbani kiwe mfalme wa kaye yako. Kama chupa ya maji ya nusu lita inakijaza mara mbili kamili, kina mililita 250. Liandike hilo kwenye ukurasa wa kwanza, na kila kitu kipimwe kwa hicho. Hata bukari (ugali) iandikwe, ingawa kila mtu anadhani anaijua: lita 1 ya maji na gramu 400 hadi 450 za unga wa mahindi, watu wanne. Sehemu ndogo ya unga ikorogwe na maji baridi, iingie kwanza kama uji na ichemke dakika 5, ndipo uliobaki uongezwe. Madonge hutokea unga mkavu unapotupwa kwenye maji yanayochemka: nje unaiva papo hapo na kufunga, ndani unabaki mkavu.

Sombe ina hatari yake. Wengi hufika kwa mwenyeji sombe ikiwa imekaribia kuiva, wakaona mawese yakiingia, wakaandika "dakika 20". Majani ya muhogo yana sianidi. Kuyatwanga huifungua na kuyachemsha huitoa kwa mvuke. Ndiyo maana sombe iliyotwangwa vizuri huchemshwa sufuria ikiwa wazi saa nzima au zaidi kabla ya mafuta kuingia. Muulize mpishi alianza saa ngapi. Hilo ni swali la afya.

Kwa chikanda, ule mkate wa unga wa viazi vya porini na karanga, uwiano unaoshikilia ni kikombe 1 cha unga wake kwa vikombe 2 vya karanga zilizotwangwa laini, pamoja na chumvi, pilipili na nusu kijiko cha chai cha soda ya kupikia. Karanga zikipungua, inavutika mdomoni. Zikizidi, inavunjika kisu kikiingia. Andika uliinunua kwa nani, kwa sababu viazi vyake vikioshwa vibaya udongo hauondoki tena baada ya kutwangwa. Chikanda ni viazi vya okidi za porini, na kila kiazi kinachochimbwa ni mmea uliokufa. Tungependa kaye zenu zionyeshe mliila mara ngapi.

Mgahawani, andika bei kwa franka na kwa dola, pamoja na kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo. Bila kiwango, "imepanda kuliko mwaka jana" ni maneno matupu: huenda sahani haikubadilika bei kwa dola hata kidogo.

Kila Desemba naandika vyakula vitano bora vya mwaka, na kila Desemba uyoga na maembe vinashika nafasi ya juu. Mume wangu anasema najidanganya. (Mama, Ruashi)

Kalenda ndiyo inayokudanganya, mama. Mvua zetu za Haut-Katanga huanza kushika kati ya Oktoba na Novemba na kuisha Aprili, na uyoga wa porini hutoka ndani ya kipindi hicho. Tarehe 31 Desemba inaukata msimu katikati, nusu kwenye mwaka unaokwisha na nusu kwenye unaoanza. Juu ya hayo unaandika sahani ikiwa bado mezani, wakati karanga mpya za baada ya mavuno zimekwisha kusahaulika.

Mwaka wa chakula uufungue 1 Oktoba na uufunge 30 Septemba. Ndani yake weka vipande vitatu: mvua, baridi, na joto kavu la Agosti na Septemba. Kila kipande kipe sahani zake mbili. Utaona mara moja kwamba mahindi mabichi ya kuchoma yanashindana na uyoga, lakini hayashindani na samaki mkavu na mboga za kumwagilia za Septemba, miezi ambayo mpishi anatumia akili zaidi kuliko soko.

Tarehe ina kazi pia kwa munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi. Uliotengenezwa Oktoba kwenye joto huchacha haraka. Wa Juni huchelewa kwa sababu ya baridi ya usiku, na anayefuata saa za Oktoba atasema mizizi ilikuwa mibaya. Andika na hali ya uji wakati mizizi ilipoingia. Inatakiwa uwe umepoa mpaka mkono unavumilia. Mizizi iliyopondwa ikitiwa kwenye uji ukiwa bado unachemka, uji haulainiki kabisa, kwa kuwa kile kilichomo ndani ya mizizi kinachoyeyusha wanga kimeharibiwa na moto.

Onyo moja juu ya uyoga. Katika kaye andika jina lake la kienyeji na aliyekuuzia, lakini picha yako ya mwaka jana isitumike kutambua uyoga wa mwaka huu. Picha haionyeshi shina lilivyo ndani ya udongo, wala harufu, wala rangi inayotokea ukikatwa, na uyoga uliokosewa huua.

Mimi na mke wangu tuna kaye moja, na tunagombana kila tukifika kwenye alama. (Papa, commune ya Kenya)

Safu mbili, papa, yako na ya mama, na kila mmoja aandike kabla ya kusikia ya mwenzake. Msitafute wastani. Filamu ambayo mmoja angeirudia kesho na mwingine hakutaka kuimaliza, wastani wake ni "mara moja inatosha", hukumu ambayo hakuna aliyeitoa. Mnapotofautiana sana, hapo ndipo pa kuandika mistari mitatu zaidi.

Tarehe 30 Desemba tunataka kuonyesha filamu bora ya mwaka katika lupangu (uwanja wa nyumbani), watu ishirini hivi. Projekta tutakopa, na umeme hauaminiki. (Vijana, Kamalondo)

Hesabuni nguvu kwanza. Betri ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina Wh (wati-saa) 1200. Betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, la sivyo inachakaa haraka: zinabaki Wh 600. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, hula karibu asilimia 15. Mnabaki na Wh 510. Projekta ya LED ya wati 80 pamoja na spika ya wati 20 ni wati 100, yaani saa 5. Projekta ya taa ya zamani ya wati 280 pamoja na spika hiyohiyo ni wati 300, yaani saa 1 na dakika 40, na filamu ya saa mbili itawakatikia pale inapokolea. Basi kabla ya kuikopa, geuzeni projekta na msome kibandiko chake.

Betri ya kuwashia gari si ya kazi hii. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi sana. Nyaya kati ya betri na inveta ziwe fupi na nene. Wati 300 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 25, na waya mwembamba hupata moto na kupoteza volti njiani. Inveta inaanza kulia na kujizima wakati betri bado imejaa, na watu wanailaumu betri.

Shuka jeupe likunjwe mara mbili, livutwe pembe nne, na chini lifungiwe mti mzito ili upepo usilipulize. Msipanue picha kwa tamaa. Ukiongeza upana mara mbili, mwanga uleule unasambaa kwenye eneo mara nne, na nyuso za watu zinageuka vivuli. Kwa projekta ndogo, upana wa mita 1.5 hadi 2 unatosha watu ishirini wakikaa karibu, watoto mbele kwenye mkeka. Spika iwekwe chini ya shuka. Ikikaa karibu na projekta, sauti inatoka nyuma ya watazamaji na maneno hayasikiki vizuri. Desemba giza halikamiliki kabla ya saa 19, kwa hiyo msianze mapema. Na kwa kuwa ni mwezi wa mvua, vifaa vikae chini ya paa la baraza, shuka peke yake litoke nje.

Faili ijaribiwe kwenye projekta ileile, siku iliyotangulia: dakika tatu mwanzoni, tatu katikati, tatu karibu na mwisho. Flash iliyoandaliwa (formatiwa) kwa mpangilio uitwao FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, hata ikiwa na nafasi tele. Na projekta nyingi ndogo huonyesha picha lakini haziwezi kusoma aina fulani za sauti; dawa yake ni kompyuta na waya wa HDMI. Hesabuni na wati za kompyuta, 40 hadi 60.

Filamu ikiisha, pitisheni kaye kabla watu hawajasimama. Kila mmoja aandike mstari mmoja. Baada ya chakula hawataandika.

Mwaka huu tulimzika baba, mwezi wa nne. Karibu hatukutoka tena. Tuandike nini, au tuache kurasa wazi? (Familia, Katuba)

Poleni sana. Msiziache wazi. Kilio nacho kina vyakula vyake, watu wake na nyimbo zake, na hayo hupotea haraka kwa sababu kila mtu alikuwa amechoka na kulia. Andikeni nani alileta unga, nani alisimama kwenye masufuria, nyimbo zipi wamama waliimba usiku wa kwanza, nani alisafiri kutoka mbali na akafika saa ngapi. Kurasa hizo zisipewe alama yoyote.

Andikeni na kiasi. Kuna siku mtu wa familia hii atalazimika kupanga chakula cha watu wengi katika usiku mmoja, na kaye yenu itamwokoa. Kwa bukari, gramu 100 hadi 120 za unga kwa mtu mzima. Gunia la kilo 25 linalisha watu mia mbili hivi kwa mlo mmoja. Kama kwenu hesabu ilitoka tofauti, yenu ndiyo ya kuandikwa.

Kisha kuna jambo ambalo tungewaomba msilicheleweshe: chakula ambacho baba alikipenda, na jina la mtu ambaye bado anajua kukipika kama alivyokipenda. Mkae naye jikoni na kikombe cha kupimia. Miezi iliyofuata msiilazimishe kuwa na matembezi. "Tulikuwa nyumbani, tulikula maharagwe, redio ilikuwa inaimba" ni habari ya kweli ya mwezi wa tano.

Tulikwenda Kundelungu kuona maporomoko ya Lofoi mnamo Oktoba, tukakuta maji membamba. Katika orodha ya matembezi nimeandika "haifai". Rafiki zangu wamenijia juu. (Kijana, Lubumbashi)

Futa "haifai" na uandike "Oktoba". Lofoi hushuka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja kutoka ukingo wa uwanda wa Kundelungu, lakini ni mto wa mvua. Mwanzoni mwa Oktoba umekaa miezi mitano hivi bila kupata kitu. Februari na Machi maji yamejaa, ila barabara za udongo zinameza magurudumu. Mwezi wa Mei na mwanzo wa Juni ndio wakati tunaoupendekeza: maji bado yapo, njia imekauka, na usiku utahitaji blanketi mbili.

Ukurasa wa safari uwe na mwezi, aina ya gari, saa za lami na saa za udongo kila moja peke yake, matairi ya akiba mangapi, mlilipa nini kwa ICCN wanaosimamia mbuga, na mligawana gharama watu wangapi. Mafuta yaandikwe kwa lita. Bei hubadilika, lakini gari lilelile kwenye njia ileile litakunywa karibu kiasi kilekile mwaka ujao.

Matembezi ya mjini nayo yastahili ukurasa: makumbusho, zoo, au mechi kwenye uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo, uliofunguliwa 2011 na wenye viti 18,500. Kwa uwanja, andika ulikaa upande gani na kama jua la alasiri lilikupiga usoni. Hilo ndilo utakalolihitaji ukinunua tiketi inayofuata.

Niandike kwenye karatasi au kwenye telefone? (Mwanafunzi, Ruashi)

Karatasi kwanza, kwa biki, na kaye ikae mbali na jiko kwa sababu mafuta hupenya kurasa kumi kwa siku moja. Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa zako na umtumie ndugu aliye mji mwingine. Majina ya faili yaanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-06-15-kapenta, yatajipanga yenyewe. Ukianza na siku, tarehe moja za miezi yote zitakaa pamoja na hutapata kitu.

Flash usiitegemee peke yake. Nyingine huuzwa zikionyesha GB 128 wakati ndani ni ndogo kuliko hapo, na faili za mwanzo huandikwa juu yake kimyakimya. Ikiwa mpya, ijaze yote kwa filamu, kisha ufungue ile ya kwanza na ya mwisho. Zote mbili zikicheza mpaka mwisho, zifute na uweke kaye yako humo.